Kijiko cha Majunga

Redio ya mjomba Luvanda ilikaa juu ya gunia la mahindi,
imefungwa kwa mpira wa baiskeli,
siku tuliyomzika babu, Ifunda, mwezi wa saba,
baridi ikituuma masikio kama inatudai.
Ikasema: Waingereza na Wafaransa wametia saini tena.
Majeshi yao yatakaa tayari pamoja.
Hata mabomu yao makubwa,
yale yasiyojadiliana na mtu, sasa yatashauriana.
Mjomba akaizima.
Si kwa heshima ya msiba. Alikuwa anatunza betri.

Kaburini alikuwa amelala mtu mzima, hai,
Gama, Mngoni wa Peramiho, mtani wetu,
mikono kifuani, suti imejaa udongo mwekundu.
"Sitoki. Babu wa huyu mzee alimchoma mkuki babu wa baba yangu,
na mimi nimekuja kwa nauli yangu kumlilia.
Lipeni, wala mbwa ninyi!"
"Toka humo, mla panya," shangazi akamjibu,
anacheka, kamasi zinamtoka.
Mjomba akatupa elfu mbili.
Gama akaitazama, akafumba macho tena.

Babu alichukuliwa mwaka arobaini na mbili.
Lori mpaka Dodoma, treni, kisha meli,
akatapika njia nzima hadi Majunga.
Mwaka mmoja kabla, ofisa alikuwa amewaambia:
Mfaransa ni rafiki.
Sasa akawaambia: Mfaransa yule pale, piga.
Lakini pale hapakuwa na Mfaransa.
Palikuwa na magogo yamelazwa barabarani
na nyuma yake Msenegali mwenye chale mashavuni,
kofia nyekundu, midomo imekauka.
"Tulitazamana," babu alisema, na hapo huishia.
Hakuna aliyewahi kumtoa neno la pili.

Bunduki ziliponyamaza, wenye vita walikula pamoja.
Kitambaa cheupe, divai,
wakaulizana habari za farasi na za shule walizosoma.
Babu alisimama mlangoni kulinda mlo.
Kikaanguka kijiko.
Babu akakiwekea mguu.

Miaka themanini na zaidi amekulia uji kwa kijiko hicho,
herufi za mpini zimelika, imebaki moja inayofanana na ndoano.
Kila walipogombana redioni alicheka peke yake:
walipozozana juu ya samaki,
walipotupiana lawama za maboti ya mpira
yaliyojaa watu wasiotakiwa na upande wowote.
Na ule mwaka nyambizi zao ziligongana chini ya bahari,
kila moja imejificha vizuri mno
hata rafiki hakuiona.
Siku hiyo alicheka mpaka tukampigapiga mgongoni.

Mimi nafundisha uraia, kidato cha pili.
Nimeandika ubaoni mara nyingi: ushirikiano wa mataifa, faida tano.
Wanafunzi wananakili. Hakuna anayeuliza
mlangoni alisimama nani.
Labda na wao ni watani, najiambia,
walichinjana karne kwa karne hadi wakazoeana.
Lakini mtani wetu alikesha nasi jana,
akapasua kuni, akachimba shimo hili
kabla ya kulala ndani yake.
Wao shimo lao lilichimbwa Madagaska
na watu wa Ifunda, na watu wa Senegali,
na wenye nchi wakaulizwa mwisho.

"Nataka kile kijiko," Gama akasema kutoka chini.
Kimya. Shangazi akaacha kucheka.
Nikaenda jikoni. Kilikuwa bado ndani ya kikombe
alichonywea mara ya mwisho, uji umegandia pembeni.
Nikampa.
Akakilamba, akakunja uso:
"Wahehe! Hata sukari mlimnyima."
Akasimama, akajikung'uta udongo.
Kisha akapiga magoti ukingoni
na kukitupa kaburini, taratibu,
na kuninong'oneza nimkopeshe
nauli ya kurudi Songea.